Mafuriko na kipindupindu: tujiandae kabla mvua haijanyesha

Mvua ni baraka, na mkulima akiikosa hulia. Lakini mvua hiyohiyo ikizidi huvunja madaraja, hubomoa nyumba na kujaza vyoo, na yale yaliyokuwa chooni huyapeleka kisimani. Maji yakishapungua, watu wengi hudhani kwamba hatari imekwisha. Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua kwamba mara nyingi hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Siku chache baadaye huanza kuletwa watu wanaoharisha na kutapika, wengine wakiwa hawawezi tena hata kusema.

Mwezi huu tunataka kueleza jinsi familia, jumuiya na kijiji kizima wanavyoweza kujiandaa kwa dharura, kuikabili inapofika, na kuinuka tena baada yake. Tumechagua mafuriko na kipindupindu kwa sababu mambo haya mawili hufuatana kama mtu na kivuli chake. Tena yanaonyesha vizuri jambo moja ambalo tungependa kila nyumba ilishike: saa za kwanza za dharura huwa mikononi mwa watu wa nyumbani na majirani. Gari la wagonjwa, daktari na misaada huja baadaye. Kinachofanyika kabla havijafika ndicho huamua nani atapona.

MAMBO TULIYOYAONA

Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu walipatikana mwaka 1974. Mwaka 1977 ugonjwa ulilipuka kwa nguvu kuanzia Rufiji, na tangu hapo umekuwa ukirudi. Mwaka uliokuwa mbaya kupita kiasi ni 1997. Ugonjwa ulianza Dar es Salaam mapema mwaka huo ukaenea mikoani, na kuanzia Oktoba zikaja zile mvua za El Niño. Mwaka ulipokwisha, watu zaidi ya 40,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 2,000 walikuwa wamefariki. Ni kama watu 5 katika kila wagonjwa 100.

Majirani zetu wa Malawi walipata pigo kama hilo. Mlipuko ulianza mwezi Machi 2022, baada ya tufani kuharibu vyanzo vya maji na vyoo, ukaendelea mpaka mwaka 2023. Watu zaidi ya 1,700 walifariki, karibu watu 3 katika kila wagonjwa 100.

Sasa tutazame Msumbiji. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira na kufanya bonde zima kuwa ziwa. Watu zaidi ya 600 walikufa katika nchi hiyo kwa upepo na maji. Tarehe 27 Machi kipindupindu kikatangazwa. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000, lakini waliokufa kwa kipindupindu walihesabiwa 8. Wizara ya Afya na wasaidizi wake walifungua vituo vya matibabu haraka, wakagawa dawa ya kutibu maji, na kuanzia tarehe 3 Aprili wakatoa chanjo ya kunywa kwa watu zaidi ya 800,000.

Kijidudu kilichoua watu Dar es Salaam na Malawi ndicho kilekile kilichofika Beira. Tofauti ililetwa na mambo mawili: ugonjwa ulitafutwa mapema, na mgonjwa alipata maji mwilini mapema. Mambo hayo mawili hata kijiji kisicho na hospitali kinaweza kuyafanya kwa kiasi kikubwa.

KIPINDUPINDU NI NINI?

Ni ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na kijidudu aina ya bakteria. Kijidudu hiki hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na huingia kwa kinywa cha mtu mwingine. Hakuna njia nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Hakiletwi na upepo, wala na uchawi, wala na kukaa chumba kimoja na mgonjwa. Huingia kwa maji ya kunywa, kwa chakula kilichoguswa na mikono michafu au kutuliwa na nzi, na kwa vyombo vilivyooshwa kwa maji machafu.

Daktari mmoja wa Uingereza, John Snow, alilionyesha jambo hili mwaka 1854, wakati wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Katika mtaa mmoja wa London watu walikuwa wakifa kwa mamia. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi, akagundua kwamba wengi walitumia pampu moja ya Broad Street. Aliwashawishi wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ile. Hakuwa na dawa yoyote ya kutibu. Alikuwa na swali moja tu: "Mlikunywa maji gani?" Ndilo swali ambalo kila kiongozi wa kijiji anapaswa kuuliza mgonjwa wa kwanza anapoonekana.

Mtu akishaambukizwa, dalili hutokea baada ya saa chache mpaka siku 5. Kuna jambo la kuangalia sana hapa: watu wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, na huku kinyesi chao kina vijidudu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usiseme, "Kwetu hakuna mgonjwa, choo si lazima."

KWA NINI KINAUA UPESI?

Mgonjwa aliyezidiwa huharisha maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, tena bila msokoto mkubwa wa tumbo. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Pamoja na maji hutoka chumvi za mwili. Macho huingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana hurudi polepole, vidole hukunjamana, misuli hukaza, sauti hupotea na mkojo hukatika. Mtu aliyekuwa shambani asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku.

Basi, mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa maji. Ndiyo maana tiba yake kubwa ni kurudisha maji na chumvi. Mgonjwa mahututi mwenye kilo 50 huhitaji lita 5 za maji ya dripu katika saa 3 za mwanzo. Lakini wagonjwa walio wengi hawahitaji dripu. Hupona kwa kunywa maji ya ORS. Wakitibiwa mapema na vizuri, anayekufa hafiki hata mmoja katika kila 100. Wale waliozidiwa wasipotibiwa, hata nusu yao hufa.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1971, wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Bangladesh. Wakimbizi karibu milioni 10 waliingia India, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kikawashika. Dripu zilikuwa zinakwisha na wagonjwa walilala sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya chumvi na sukari katika maji safi, wakajaza mapipa yenye bomba, wakawaambia ndugu wa wagonjwa wachote na kuwanywesha. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila 100. Kwa utaratibu huu walikufa chini ya 4. Walionywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa akina mama, akina baba, dada na kaka wa wagonjwa, kila mmoja na kikombe chake.

KABLA YA MVUA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi iliyo rahisi na isiyo na gharama kubwa ni ile ya kabla ya mvua.

Nyumbani, kila familia ihakikishe mambo haya:

1. Choo. Kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa kisima. Palipo na maji karibu, inua choo kwa matofali au udongo ulioshindiliwa badala ya kuchimba shimo refu. Kiwe na mfuniko, na pembeni yake kuwe na maji na sabuni.

2. Maji ya kunywa. Uwe na chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba, au chenye bomba. Kama ni mtungi, tumia kata yenye mpini, wala mkono usiingie ndani. Nunua dawa ya kutibu maji mapema, kwa sababu wakati wa mlipuko huadimika.

3. Pakiti za ORS angalau 4, pamoja na chumvi, sukari na sabuni, vikae mahali pakavu panapojulikana na wote.

4. Mfuko wa plastiki usiopenya maji. Weka ndani yake kadi za kliniki, vyeti, kadi ya bima ya afya na namba za simu za ndugu. Mwenye dawa za kila siku, kama za kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu, kifafa au virusi vya UKIMWI, aweke akiba ya wiki 2 kwa ushauri wa kliniki yake. Tumewaona wagonjwa waliookoka maji wakazidiwa kwa sababu dawa zao zilikwenda na mafuriko.

5. Mama mjamzito aliye karibu kujifungua asisubiri barabara ikatike. Aende mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya kungojea uzazi.

Katika jumuiya, wakati wa mkutano wa kawaida, tengeni robo saa mjibu maswali haya na kuyaandika katika daftari: Ni nani kati yetu hawezi kutembea? Mzee gani analala peke yake? Nyumba ipi ina walemavu au watoto mapacha? Ni kijana gani atakwenda kwa nani, maji yakija usiku? Tutakimbilia wapi palipo juu, na njia ipi haipiti mtoni? Nani ana pikipiki, baiskeli au mtumbwi? Mfuko wetu una shilingi ngapi za kumpeleka mgonjwa? Daftari hilo ni dawa kubwa. Kijana akijua jina la bibi anayemhusu, bibi huyo hasahauliki.

Katika kijiji, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia taifa mpaka ngazi ya chini. Mwulizeni mtendaji wenu kama kamati yenu ipo na wajumbe wake ni akina nani. Jumuiya isijenge utaratibu wake kando na ule wa kijiji, bali ipeleke daftari lake huko.

Tena tusikilize redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia "tahadhari kubwa", usingoje kuona maji mlangoni.

MAJI YANAPOKUJA

Watu kwanza, mali baadaye. Wengi hupotea kwa kurudi kuchukua godoro au mbuzi. Maji yanayokwenda kasi, hata yasipofika gotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ndani yake hujui kama kuna shimo. Msivuke daraja lililofunikwa. Dereva wa basi akitaka kujaribu, abiria mna haki ya kukataa. Zimeni umeme mkiweza kuifikia swichi mkiwa pakavu, na msiguse nyaya zilizoanguka. Kwa uokoaji pigeni simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Mkifika mahali pa hifadhi, iwe shule, kanisa au msikiti, kazi ya kwanza kabla hata ya kupika ni kuchagua mahali pa choo. Watu mia mbili wakilala mahali pamoja usiku mmoja bila choo, asubuhi ugonjwa umeshapandwa. Mwanzoni choo kimoja kwa watu 50 kinavumilika. Zikipita siku chache ijengwe mpaka kimoja kwa watu 20. Vya wanawake viwe kando, karibu na penye mwanga, ili akina mama na mabinti wasiogope kwenda usiku.

Maji ni kazi ya pili. Hesabu inayotumika katika kambi ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Familia ya watu 6 ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Wapangeni watu wa kuchota, na mtu mmoja mwaminifu wa kutia dawa. Fuateni maelezo ya pakiti, kisha mngoje nusu saa kabla ya kunywa. Pasipo na dawa, chemsheni mpaka maji yatokote sawasawa. Kuni zikilowa, kuna njia nyingine: jazeni maji maangavu katika chupa nyeupe za plastiki zisizozidi lita 2, mzilaze juani saa 6, kukiwa na mawingu, siku 2 mfululizo. Maji ya matope lazima yatulie na kuchujwa kwanza.

MGONJWA WA KWANZA AKITOKEA

Mtu akianza kuharisha maji matupu mara nyingi, msikae kikao. Fanyeni mambo manne kwa pamoja.

Kwanza, aanze kunywa ORS papo hapo. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu kikombe. Wa miaka 2 mpaka 10 apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mnyweshe polepole kwa kijiko. Mtoto anyonye kama kawaida. Yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24.

Pili, safari ianze huku akinywa. Beba ORS njiani. Usiseme tutakwenda kukipambazuka. Wengi tunaowapokea wakiwa hawana mapigo ya kuhesabika walianza kuharisha jioni, ndugu wakangoja mwanga.

Tatu, mwambie Bwana Afya au mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyohiyo. Watu huficha wakiogopa kwamba vilabu vitafungwa, minada itazuiwa na kijiji kitaonewa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa mmoja akitangazwa leo, kisima hutiwa dawa leo. Akifichwa, baada ya wiki moja mtahesabu makumi.

Nne, kinyesi na matapishi yake viingie chooni, pakiwa pametiwa dawa ya klorini kama ipo, na anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara. Nguo zake zisifuliwe mtoni.

KUHUSU MISIBA

Hapa tunaomba tuelewane, maana linagusa mila na heshima. Kuna watu wanaoamini kwamba maiti za waliokufa maji ndizo huleta kipindupindu. Si kweli. Mtu aliyekufa kwa kuzama hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, na hakuna sababu ya kumzika kwa haraka katika kaburi la pamoja kabla ndugu hawajamtambua. Acheni atambuliwe na apewe jina lake kaburini.

Aliyekufa kwa kipindupindu ni jambo lingine. Mwili wake bado una maji yenye vijidudu, kwa hiyo uoshwe na waliofundishwa, wenye glovu na dawa, na azikwe mapema. Sala na heshima zake zinabaki palepale. Kinachopaswa kusimama ni chakula cha msibani: wali uliopoa, sinia moja la watu wanane, na beseni moja la kunawia wote. Waombolezaji wengi wamerudi kwao na ugonjwa kutoka msibani. Kuwe na maji yanayotiririka na sabuni, na wafiwa wapelekewe michango badala ya pilau. Mwaka mmoja wa namna hiyo hauvunji ujirani.

BAADA YA MAFURIKO

Maji yakishuka, kuna kazi za wiki na kazi za miezi. Wiki ya kwanza kisima kikaushwe, kisafishwe na kitiwe klorini na Bwana Afya kabla ya kutumika. Chakula kilicholowa maji ya mafuriko kisiliwe. Nyumba ifunguliwe ikauke, na ukisafisha tumia fimbo kwanza, kwa maana nyoka nao walitafuta pakavu. Katika wiki zinazofuata mbu watazaliana katika madimbwi. Mtoto akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, na chandarua kitundikwe hata kama mnalala darasani.

Kujenga upya kunahitaji kufikiri. Ndugu zetu wa Rufiji wametuachia somo. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, watu wengi walihamishwa kutoka bondeni kwenda mahali pa juu. Lakini shamba lao liko bondeni, kwa kuwa maji ndiyo huleta rutuba, na mafuriko yakipungua hupanda mazao ya mlau katika udongo wenye unyevu. Kwa hiyo waliendelea kushuka, wakikaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Aprili 2024 maji yalipofurika tena huko, mashamba na makazi yalizama. Mwaka huo mvua ziliua watu zaidi ya 150 nchini kote. Maneno "hameni mabondeni" peke yake hayatoshi kwa mtu ambaye chakula chake kiko bondeni. Ni afadhali nyumba ya familia, choo na ghala viwe juu, na shamba libaki chini, na kila mmoja ajue siku ya kupanda kilimani.

Mwisho kuna majeraha yasiyofungwa bendeji. Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliporomoka juu ya Katesh na vijiji vyake, na watu zaidi ya 80 walikufa. Baada ya jambo kama hilo mtoto huanza kukojoa kitandani, baba hunyamaza au huingia katika pombe, mama hashiki usingizi mawingu yakikusanyika. Hiyo si laana wala udhaifu wa imani. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa, kutembelewa, kupewa kazi ndogo ya kufanya na wenzake, na watoto warudi shuleni mapema. Ikipita miezi bila nafuu, aletwe hospitali. Wageni wenye misaada huondoka baada ya wiki chache. Jumuiya ndiyo inayobaki, na ni wajibu wake kukumbuka mwezi wa sita kama ilivyokumbuka siku ya kwanza.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Je, tumeze vidonge vya kuua bakteria ili tusiugue? Hapana. Dawa hizo hupewa mgonjwa aliyezidiwa, kwa agizo la daktari. Kugawiwa kijiji kizima huzoesha vijidudu dawa, na siku ya haja haitafanya kazi.

Je, dawa za kufunga tumbo? Hapana, hasa kwa watoto. Hazizuii maji kupotea mwilini na zinaweza kudhuru. Mtoto apewe vidonge vya zinki pamoja na ORS kama kliniki itakavyoelekeza.

Je, chanjo ikija tuache kuchemsha maji? Hapana. Chanjo ya kunywa, inayotolewa kuanzia umri wa mwaka 1, ni msaada mkubwa, lakini hailindi kila mtu. Tena mwezi Oktoba 2022 chanjo ilikuwa haba duniani, hata ikabidi nchi zenye mlipuko zitoe dozi moja badala ya mbili. Ikija ipokeeni, lakini choo na sabuni havingoji meli.

KAZI YA MWEZI HUU

Ndugu wasomaji, tunawaomba jambo moja tu kabla mvua haijaanza. Katika mkutano ujao wa jumuiya, mtu mmoja aje na lita moja ya maji safi, sukari, chumvi na kijiko kidogo. Mama mmoja na baba mmoja wachanganye mbele ya wote, na watoto waonje. Kisha lifunguliwe lile daftari, muandike majina. Kazi yote haizidi nusu saa. Mgonjwa atakayeletwa kwetu akiwa ameshakunywa lita mbili njiani, sisi tutamalizia kazi ambayo ninyi mmeianza. Atakayeletwa mkavu, mara nyingi hata dripu humkuta amechelewa.

Mwezi ujao tutaeleza kuhusu malaria kwa mama mjamzito.